Barua ya Machi 6, 1832: kisa cha János Bolyai

Tarehe 6 Machi 1832, mjini Göttingen huko Ujerumani, Carl Friedrich Gauss alimwandikia barua rafiki yake wa ujanani. Rafiki huyo, Farkas Bolyai, alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo wa Marosvásárhely, Transylvania, ambao leo uko Romania na unaitwa Târgu Mureș. Farkas alikuwa amempelekea kazi ya jometri ya mwanawe János, ofisa wa jeshi mwenye umri wa miaka 29: kurasa 20 na ushei za Kilatini kilichobanwa mno. Baba na mwana walikuwa wakingoja hukumu ya mtu ambaye Ulaya nzima ilimkubali kuwa mkuu wa wanahisabati.

Gauss aliandika kwamba akianza kwa kusema hawezi kuisifu kazi hii, rafiki yake atashtuka kidogo. Lakini hana namna, kwa sababu kuisifu ni kujisifu mwenyewe. Yote yaliyomo, njia aliyoipita kijana na mahali alipofika, yanalingana karibu kabisa na mawazo ambayo yeye Gauss amekuwa nayo kwa miaka 30 hadi 35.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mkubwa aliyempora mdogo. Mimi sikioni hivyo. Gauss hakuchukua kitu cha mtu. Katika barua hiyohiyo alisema amefurahi kwamba aliyemtangulia ni mtoto wa rafiki yake wa zamani, na alikuwa akisema kweli: alikuwa ameyafikia mengi kabla ya János kuzaliwa au akiwa bado mtoto, na hakuwa amechapisha lolote. Kilichomvunja János, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi yake ilikuwa na msomaji mmoja tu duniani wa kuielewa, na msomaji huyo alipomaliza kuisoma akaufunga mlango kimyakimya. Nitajaribu kuonyesha ilivyofika hapo.

Kauli ya tano

Mimi nafundisha hesabu. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha pili huniambia bila kusita kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Wamelikariri tangu shule ya msingi. Mara chache sana hutokea mmoja akauliza, "Mwalimu, tunajuaje?" Nikichora mstari sambamba juu ya pembetatu na kuonyesha pembe zinazolingana, darasa linaridhika. Lakini swali limesogea hatua moja tu nyuma: nani alituambia kwamba mstari ule sambamba ni mmoja, na kwamba unakaa hivyo?

Aliyetuambia ni Euclid, aliyefanya kazi Aleksandria ya Misri takriban miaka 300 kabla ya Kristo. Aliweka kauli 5 za msingi ambazo anaomba zikubaliwe bila uthibitisho. Nne za kwanza ni fupi na nyepesi: nukta mbili zinaweza kuunganishwa kwa mstari, pembe mraba zote zinalingana, na kadhalika. Ya tano ni ndefu. Inasema mstari ukikatiza mistari miwili, na pembe za ndani za upande mmoja zikawa pamoja pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari ile miwili ikirefushwa itakutana upande huo. Shuleni tunaifupisha: kupitia nukta iliyo nje ya mstari, unapita mstari mmoja tu ulio sambamba nao.

Mtu akiisoma anahisi kwamba hii haifanani na wenzake. Inanena juu ya jambo litakalotokea huko mbali, penye mwisho wa mstari usio na mwisho. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000 watu walijaribu kuithibitisha kutokana na zile nne. Omar Khayyam alijaribu huko Uajemi, naye Nasir al-Din al-Tusi akafuata karne ya 13. Mwitalia Girolamo Saccheri alichapisha kitabu kizima mwaka 1733, akitumia pembenne ileile ambayo Khayyam alikuwa ameitumia. Aliikana kauli ya tano makusudi akitafuta mahali itakapojipinga, akapata matokeo ya ajabu yasiyojipinga hata kidogo, na mwishoni akayakataa kwa kusema yanakwenda kinyume na asili ya mstari mnyoofu. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, akaondoa mkono.

Baba aliyeungua kabla

Farkas Bolyai alisoma Göttingen kuanzia 1796 hadi 1799, na huko ndiko alikopatana na Gauss. Walitembea pamoja, wakazungumza juu ya sambamba, wakaagana kama ndugu. Gauss akawa Gauss. Farkas akarudi Transylvania, na kuanzia 1804 akafundisha katika chuo cha Kireformati cha Marosvásárhely kwa mshahara mdogo. Mwaka huohuo alimpelekea Gauss uthibitisho wake wa kauli ya tano. Gauss akaona kosa. Farkas hakuachana na jambo hilo, nalo halikumwachia usingizi.

János alizaliwa Kolozsvár, ambayo sasa ni Cluj, tarehe 15 Desemba 1802. Baba alimfundisha mwenyewe. Akiwa na miaka 13 mtoto alikuwa ameshaingia kwenye kalkulasi na mekanika, na fidla alikuwa akiipiga kama mtu mzima. Mwaka 1816 Farkas alimwandikia Gauss akimwomba ampokee kijana nyumbani kwake Göttingen, akae naye, ajifunze kwake. Gauss hakujibu.

Naomba msomaji aweke jambo hilo akilini. Kimya hiki cha kwanza kinakuja miaka 16 kabla ya barua ninayoichambua.

Bila Göttingen, na bila fedha ya kumpeleka chuo kingine kikubwa, János alipelekwa chuo cha wahandisi wa jeshi mjini Vienna mwaka 1818. Masomo ya miaka 7 aliyamaliza kwa miaka 4. Na huko Vienna, mwaka 1820, akamwandikia baba yake kwamba ameanza kushughulika na sambamba.

Jibu la Farkas ni miongoni mwa barua za baba kwa mwana zinazoumiza zaidi kusomwa. Alimsihi asiijaribu njia hiyo. Alisema ameupita usiku ule usio na kikomo, ukazima kila nuru na kila furaha ya maisha yake. Aiogope sayansi ya sambamba kama anavyoziogopa tamaa za mwili, kwa sababu nayo itamnyang'anya muda, afya na utulivu wa moyo. Mzee hakuwa na wivu. Alikuwa mtu aliyeangukia kisimani, akimpigia kelele mwanawe asikaribie ukingo.

János akakaribia.

Ulimwengu mwingine

Kwanza naye alijaribu kuithibitisha kauli ya tano, kama wote. Kisha akageuza swali. Badala ya kuuliza "itathibitishwaje?", akauliza: tukiiacha kabisa, jometri gani inabaki? Na tukisema kwamba si kweli, tunaishi wapi?

Tarehe 3 Novemba 1823, akiwa luteni mdogo katika ngome ya Temesvár, alimwandikia baba yake kwamba bado kazi haijaisha lakini njia imeonekana, na kwamba kutoka patupu ameumba ulimwengu mpya, ulimwengu mwingine. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

Ni ulimwengu gani? Tuuone kwa karibu, maana bila hapo kisa chote ni maneno tu.

Chora mstari mnyoofu chini ya karatasi. Weka nukta juu yake, ushushe mstari wima hadi ukate ule wa chini kwa pembe mraba. Sasa kutoka kwenye nukta yako toa mwale kuelekea kulia, ukianza karibu na ule wima, halafu uuinue taratibu. Mwanzoni mwale unaukata mstari wa chini hapo karibu. Ukiuinua, unaukata mbali zaidi. Ukizidi kuuinua, inafika pembe ambayo mwale hauukati tena. Pembe hiyo, ikipimwa kutoka kwenye mstari wima, kwa Euclid ni nyuzi 90, usimame juu au chini. János akasema: tuseme ni pungufu ya 90. Mara moja pembe inaanza kutegemea urefu uliosimama. Ukiwa karibu na mstari inakaribia 90; ukipanda juu inasinyaa.

Akaipata hesabu yake kamili. Katika ulimwengu huo kuna urefu mmoja maalumu, tuuite k. Ukiwa juu ya mstari kwa umbali x, tanjenti ya nusu ya pembe ile ni e (nambari ambayo ni takriban 2.718) iliyopandishwa kwa kipeo cha −x/k. Chukua kikokotoo ujaribu. Ukisimama juu kwa sehemu moja ya mia ya k, pembe ni takriban nyuzi 89.4, na kipimapembe cha shuleni kinaweza kukudanganya kwamba ni 90. Kwa sehemu moja ya kumi ya k ni 84.3. Ukisimama juu kwa k yenyewe, pembe imeshuka hadi 40.4. Kwa mara tatu ya k imebaki 5.7 tu, yaani hata mwale unaotazama karibu chini kabisa unaukosa mstari.

Hapo ndipo unaona kwa nini hakuna aliyegundua kwa kupima mashamba. Kama k ni kubwa mno, kubwa kuliko umbali wowote tunaoufikia, basi katika vipimo vyetu Euclid anaonekana sahihi kabisa. Na kupitia nukta iliyo nje ya mstari haupiti mstari mmoja tu usiokutana nao. Inapita mingi isiyohesabika. Pembe za pembetatu zikijumlishwa hazifiki 180, na kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyozidi kupungua. Huwezi kuwa na pembetatu mbili zenye umbo moja na ukubwa tofauti. Picha haiwezi kukuzwa bila kuharibika.

Kuna jambo moja katika kazi ile ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Ndani ya ulimwengu huo János alionyesha kuna uso fulani, mfano wa tufe ambalo kitovu chake kimekwenda mbali bila mwisho, ambao juu yake jometri ya Euclid inafanya kazi yote kama kawaida. Kwa hiyo Euclid hakufukuzwa. Alipewa chumba ndani ya nyumba kubwa zaidi. Na mwishoni mwa kurasa zile János anathibitisha kwamba katika ulimwengu wake kuna hali ambazo kwa bikari na rula unaweza kuchora umbo la pembe nne sawa na pande sawa lenye eneo sawa na la duara, jambo ambalo katika ulimwengu wa Euclid haliwezekani.

Kichwa kamili cha kazi yake kilitamka bila woga kwamba ukweli au uongo wa kauli ile ya Euclid hauwezi kamwe kuamuliwa kwa kufikiri tu. Maneno hayo aliyaweka pale juu kabisa, kwenye kichwa.

Kurasa zinaingia posta

Baba alipoonyeshwa kazi hiyo hakuridhika. Ile k ilimsumbua: urefu huu usiojulikana ni kiasi gani? Lakini alimhimiza mwanawe achapishe upesi, akampa sababu ambayo sijaona mwingine akiisema vizuri hivyo: mambo mengi yana majira yake, yakafumbuliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, kama maua ya urujuani yanavyojitokeza kila upande baridi ikiisha. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1826, huko Kazan nchini Urusi, Nikolai Lobachevsky alikuwa tayari amewasilisha jometri ileile chuoni kwake, na kuanzia 1829 akaichapisha kwa Kirusi.

János alichelewa. Mwaka 1826 alimkabidhi mswada aliyekuwa mwalimu wake katika chuo cha jeshi, Johann Wolter von Eckwehr, na mswada ule haukuonekana tena. Hatimaye baba na mwana wakakubaliana kwamba kazi itoke kama kiambatisho cha kitabu kikubwa cha Farkas cha hesabu, kwa Kilatini, kitakachochapwa palepale Marosvásárhely. Kiambatisho kilikuwa tayari mwaka 1831. Ili kitoshe, János alibana maneno, akatumia alama zake mwenyewe, akaacha hatua nyingi msomaji azijaze. Kwa mtu wa hadhi ya Gauss hilo si tatizo. Kwa wengine wote ilikuwa kama kuta.

Juni 1831 nakala ilitumwa Göttingen. Mwaka huo kipindupindu kilikuwa kimeingia Ulaya ya kati, njia zikavurugika, kiambatisho kikapotea. Januari 1832 ikatumwa nyingine. Hiyo ilifika.

Barua mbili za mtu mmoja

Tarehe 14 Februari 1832, wiki tatu kabla ya kumjibu Farkas, Gauss alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani, Christian Ludwig Gerling. Alimwambia amepokea kazi ndogo kutoka Hungaria juu ya jometri isiyo ya Euclid, kwamba ameyakuta humo mawazo yake yote yakiwa yameelezwa kwa umaridadi, na kwamba anamhesabu huyu kijana Bolyai kuwa kipaji cha daraja la kwanza.

Kipaji cha daraja la kwanza. Maneno hayo yalikwenda kwa Gerling. Kwa János yakaenda yale ya "kumsifu ni kujisifu".

Nimejaribu kumtetea Gauss kadiri ninavyoweza, na utetezi upo. Barua yake ina heshima: hakusema kazi ina kosa, hakusema ni ndogo, alikiri ametanguliwa. Akaongeza uthibitisho wake mzuri kwamba eneo la pembetatu katika ulimwengu huo linalingana na kiasi ambacho pembe zake zimepungukiwa na 180, kisha akamtaka János atafute ujazo wa umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Mwalimu hampi mtu swali gumu namna hiyo kama hamheshimu. Tena sababu ya Gauss kukaa kimya miaka yote inajulikana: Januari 1829 alikuwa amemwambia mwanafalaki Bessel kwamba anaogopa makelele ya wajinga akisema wazi maoni yake juu ya jometri. Heshima yake ilikuwa kubwa, naye hakutaka kuiingiza katika ugomvi.

Utetezi unaishia hapo. Mtu anayeogopa makelele akiwa na jina kama lake angejiuliza kijana asiye na jina atasikia nini. Jarida la Crelle lilikuwa likitoka Berlin tangu 1826, likichapisha hesabu mpya za vijana. Mstari mmoja wa Gauss, "isomeni hii", ungetosha. Hakuuandika popote. Hadi anafariki mwaka 1855 hakulitaja jina la Bolyai katika chapisho hata moja. Hapo ndipo ninapomlaumu, na lawama yangu haihusu nani alianza. Inahusu mtu mwenye taa aliyemkuta mwenzake gizani kwenye njia ileile, akamwambia "najua ulipo", akapita.

Kwa János

János aliposoma barua hakuamini. Alishuku kwamba baba yake alikuwa amemwonyesha Gauss mawazo yake mapema, na Gauss akayafanya yake. Hapakuwa na ukweli wowote. Lakini shaka hiyo iliingia kati ya watu wawili waliopendana, ikakaa humo muda mrefu.

Afya ilikuwa mbaya, homa na maumivu ya viungo, na mwaka 1833 jeshi likamstaafisha kwa pensheni. Husimuliwa kwamba alikuwa hodari wa panga kiasi cha kupigana na maofisa 13 siku moja, akipumzika kwa kupiga fidla baada ya kila wawili. Siwezi kuiapia hadithi hiyo, lakini watu hawasimulii hadithi ya aina hiyo juu ya mtu mpole.

Alikaa kwenye shamba dogo la familia huko Domáld na Rozália Kibédi Orbán, wakapata watoto. Sheria za jeshi zilidai dhamana ya fedha kabla ofisa hajaoa, naye fedha hiyo hakuwa nayo, kwa hiyo kwa miaka mingi waliishi bila ndoa, jambo lililomuudhi Farkas. Walioana mwaka 1849 wakati wa mapinduzi ya Hungaria. Mapinduzi yaliposhindwa, ndoa haikutambuliwa.

Mwaka 1848 mikononi mwake kikaingia kijitabu cha Lobachevsky kilichochapwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1840. Hebu fikiria hali hiyo. Miaka 25 baada ya barua ya Temesvár, anafungua kurasa za mtu wa Kazan asiyemjua na kukuta ulimwengu wake mwenyewe, pembe ileile, hesabu ileile. Shaka ya kwanza iliyomjia ilikuwa kwamba huyu Lobachevsky hayupo, ni Gauss aliyejificha nyuma ya jina la Kirusi. Kisha akatulia, akakisoma mstari kwa mstari, akaandika maelezo yake, akikosoa hapa na kusifu pale kwa haki. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata mwenzake. Hakumwandikia.

Lobachevsky ananisaidia kuona kilichokosekana kwa János. Naye alipuuzwa, tena alidhihakiwa hadharani kwenye magazeti ya Urusi. Lakini alikuwa mkuu wa chuo kikuu cha Kazan tangu 1827, akiwa na jarida la chuo, mshahara na wanafunzi. Alirudia kuichapisha jometri yake kwa Kirusi, kwa Kifaransa, kwa Kijerumani, na mwaka 1855, akiwa kipofu, akawasomea wengine waandike kitabu chake cha mwisho. Dhihaka haikumnyamazisha kwa sababu alikuwa na mahali pa kusimama. János alikuwa na pensheni, shamba, na barua moja.

Hilo halimwondolei sehemu yake. Kile kiambatisho ndicho kitu pekee alichochapisha maisha yake yote. Angeweza kukiandika upya kwa urefu, kwa lugha nyepesi, akakipeleka Berlin au Paris. Alikuwa na kiburi cha mtu anayejua thamani ya alichokiona, na kiburi hicho kilipokutana na jibu moja tu la baridi, kiligeuka kufuli. Aliendelea kuandika, lakini kwa ajili ya sanduku. Aliacha maelfu ya kurasa za makaratasi, juu ya nambari changamani, juu ya nambari tasa, juu ya lile swali la ujazo alilopewa na Gauss, juu ya namna jamii ya binadamu ingeweza kupata furaha. Yamehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Teleki-Bolyai, Târgu Mureș.

Waliokuja kusoma

Mlango ulifunguliwa na waliokufa. Gauss alipofariki, barua zake zikaanza kuchapwa, na Ulaya ikasoma kwa mshangao kwamba mkuu wao alikuwa akiamini jometri nyingine inawezekana, na kwamba kuna watu wawili wameshaiandika. Mwaka 1867 Mfaransa Guillaume-Jules Hoüel akachapisha kiambatisho cha János kwa Kifaransa. Mwaka uliofuata Mwitalia Eugenio Beltrami akaonyesha kwamba jometri hiyo inaishi juu ya uso unaoweza kuelezwa kwa hesabu za Euclid mwenyewe, hivyo aliyemwamini Euclid alilazimika kukubali kwamba Bolyai na Lobachevsky hawajipingi. Swali la miaka 2,000 lilikuwa limekwisha: kauli ya tano haithibitiki kutokana na nyingine.

Akademia ya Sayansi ya Hungaria ikaanzisha tuzo kwa jina la Bolyai. Aliyeipata kwanza, mwaka 1905, ni Henri Poincaré, na wa pili, 1910, ni David Hilbert. Chuo kikuu cha Cluj kina jina lake. Mwaka 1960 picha yake ilitolewa kwenye stempu kuadhimisha miaka 100 tangu afariki, uso wa kijana mzuri mwenye nywele nzito. Uso huo si wake. Picha yake ya kweli haipo.

Alifariki Marosvásárhely Januari 1860, akiwa na miaka 57. Farkas alikuwa ametangulia mwaka 1856. János alizikwa kwenye kaburi lisilo na alama. Katika daftari la vifo la kanisa la Kireformati, mbele ya jina lake, mtu aliandika kwamba alikuwa mwanahisabati mashuhuri mwenye akili kubwa, wa kwanza hata kati ya wale wa kwanza, na kwamba ni masikitiko talanta yake ilizikwa bila kutumika. Siku maneno hayo yalipoandikwa, kiambatisho kilikuwa kimekwisha chapwa kwa miaka 29, katika mji uleule.